Vipimo vya Biskuti za Shayiri

Kwa miaka sita Saumu alikuwa akingoja neno jema kutoka kwa mama mkwe wake, Bi Asya. Leo Bi Asya alitafuna biskuti yake ya shayiri, akafumba macho.

"Laini, mwanangu! Umetia nini?"

"Zabibu na korosho, mama," Saumu akasema, uso ukimchanua.

Bi Asya akamwita msichana aliyeketi barazani. "Njoo uandike vipimo. Ijumaa unaolewa na mwanangu, mke wa pili, na hizi anazipenda mno. Huyu tumbo lake limekataa kuzaa, basi angalau mikono yake itufae."

Msichana akafungua daftari. "Chumvi kiasi gani, dada?"

"Kijiko kidogo," Saumu akajibu, akaendelea kukanda donge lililobaki, vidole vyake vikizipasua zabibu moja moja.