Breki ya Chumba cha Visawe

Kadi ya neno "kisababishi" ilirudi mezani kwa mhariri mkuu kwa mara ya kumi na tatu, imejaa wino mwekundu.

Aliishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota nguo iliyolowa. Ilikuwa orodha ya visawe vya mtu au kitu kinachofanya mambo yatendeke: chanzo, kichocheo, msukumo, mwanzilishi, mhamasishaji, mchochezi. Neno la mwisho lilikuwa limekatwa, likarudishwa, likakatwa tena.

"Mzee wangu," alisema, "huyu mchochezi amekukosea nini?"

Mzee Wino, msahihishaji, hakuinua kichwa. "Mchochezi hufukuzwa kazi. Mhamasishaji hupewa kiti cha mbele. Wanachofanya ni kimoja, lakini siwezi kuwalaza kitanda kimoja bila maelezo."

"Wiki ya tatu hii unatafuta maelezo."

"Kamusi yenyewe ina miaka kumi na moja ikiandikwa, mwanangu. Wiki tatu ni nini?"

Mpiga chapa, ambaye wote walimwita Shangazi, alicheka bila kuacha kupiga. "Na wewe tukuweke wapi kwenye kadi hiyo?"

"Mimi simo. Mimi ni breki."

Hakuna aliyembishia. Mzee Wino alisahihisha kila karatasi iliyopita mikononi mwake: mialiko ya mikutano, karatasi za dawa, kadi ya harusi ya binti yake mwenyewe. Aliyoyaandika yeye tu ndiyo hayakuguswa. Alidai kwamba makosa yake hufia kichwani, hayafiki kwenye kalamu.

Jumatatu iliyofuata alikuja na barua. Sanduku la barua la ofisi lilikuwa njiani kwake, naye alikuwa na desturi ya kufungua kila bahasha na kuisoma, kalamu mkononi, kabla mtu mwingine hajaiona.

"Bodi hao," alisema, akaiweka mbele ya mhariri mkuu, akaenda kutundika koti.

Ilikuwa fupi, imepigwa chapa, na sahihi yake haikusomeka, kama sahihi za wakubwa wote. Mswada wa kamusi ufike kwa Bodi Ijumaa ya wiki ya pili kuanzia siku hiyo, saa sita mchana. Usipofika, chumba kitafungwa na wafanyakazi wake wote watatu wataachishwa kazi.

Mhariri mkuu aliisoma mara mbili, akaibandika ukutani juu ya kabati la kadi. Mdogo wake alikuwa chuoni kwa mshahara wake. Shangazi alibakiza mwaka mmoja afikie pensheni. Mzee alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, kwa hiyo ni yeye tu asiyekuwa na cha kupoteza, na hakuficha.

"Haraka hii ya nini?" alinung'unika. "Waandikie wasubiri."

"Waandikie wewe, mwenye kwenda zako."

Mchochezi alipitishwa kwenye kadi jioni ileile, na maelezo ya mstari mmoja. Siku zilizofuata meza zilijaa kadi hadi vikombe vya chai vikahamia sakafuni. Shangazi alipiga chapa mpaka akafunga kidole gumba plasta. Mzee alilalamika tangu kufungua mlango hadi kuufunga: taa hafifu, kiti kigumu, Bodi haina adabu. Ila kadi zilizopita mezani kwake hazikurudi tena zaidi ya mara moja.

"Breki zimekatika," Shangazi alimnong'oneza mhariri mkuu.

Ijumaa ya wiki ya pili, saa tano na nusu, mhariri mkuu alikabidhi mswada mwenyewe. Juu yake aliweka barua ya mistari miwili: kazi imekamilika, kama Bodi ilivyoagiza kwa maandishi.

Siku ya mwisho ya mwezi walimuaga mzee kwa chai na keki. Kabla ya kuikata, alisahihisha maandishi ya juu yake kwa ncha ya kisu.

"Hata leo, mzee?" Shangazi aliuliza.

"Hasa leo. Kesho nani atawafanyia?"

Akaweka barua za asubuhi mezani kwa mhariri mkuu, kama kawaida, akachukua koti lake, akatoka taratibu.

Barua ilikuwa moja tu. Bodi ilikipongeza chumba cha visawe kwa kuwasilisha mswada miezi saba kabla ya muda. Hata hivyo, iliendelea, Bodi haikuwa imewaandikia barua yoyote mwaka huu, na ingependa kuona nakala ya hiyo waliyoitaja. Barua hii ya Bodi ilikuwa na makosa matatu, na yote matatu yalikuwa yameshasahihishwa kwa wino mwekundu.

Mhariri mkuu aliinua macho ukutani. Barua ya kwanza ilikuwa bado juu ya kabati la kadi, mistari yake minane safi kabisa, haina hata nukta moja nyekundu.