Alama ya Gurudumu la Nyuma

Katika mbio hizi, waendesha baiskeli wawili hushuka kilima sambamba, kisha hubadilishana njia na kushuka tena. Magurudumu yote mawili lazima yapite nje ya kila nguzo. Ukikosa hata moja, umeshindwa.

Ketsia alikuwa ametangulia mara zote mbili. Kule chini watu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka walikuwa wameshambeba mabegani, maana mshindi angechukuliwa na klabu ya Lilongwe.

Nguzo ya mwisho ililindwa na mama yake. Walimchagua kwa sababu hata wasiompenda humwamini. Sasa alitazama vumbi. Gurudumu la mbele lilikuwa limepita nje. La nyuma lilikuwa limepita ndani, na alama yake ilionekana wazi kama mshono.

Akaifunika kwa kandambili.

Mwamuzi mkuu alikuwa akishuka, akikagua nguzo moja moja.

“Mama Ketsia, leo utatupikia kuku! Hapa mutoto alipita muzuri?”

“Kuku iko,” akasema mama.

Nyimbo zilipanda kilima. Sauti ya binti yake ilizishinda zote.

“Mama, nauliza. Alipita muzuri?”

Mama akainua mguu.