Mpaka Nyota Ipande

Tingatinga lilikuwa limesimama mbele ya mlango tangu asubuhi, koleo lake limeinuliwa usawa wa dirisha la sebule. Ndani ya sebule hiyo Bi Mkubwa alikuwa anatandika mezani kitambaa chake cha Krismasi, anakivuta huku na huku kuondoa mikunjo, utadhani nje hakuna kitu.

"Shikamoo, mama," Msimamizi wa ubomoaji aliita kutoka kizingitini.

"Marahaba. Futa miguu."

Akafuta. Alikuwa na kofia ya plastiki kichwani na kibali mkononi. Kibali kilisema nyumba ibomolewe, mwisho leo jua likizama; baada ya hapo kingekuwa karatasi tu. Kesi ya kiwanja ilikuwa isikilizwe wiki ijayo, na tajiri aliyekimezea mate alichagua Krismasi makusudi, siku ambayo mahakama imefungwa na mawakili wako makwao. Nyumba ikishakuwa kifusi, hakimu atasikiliza nini?

"Tokeni, mama. Tusiharibiane sikukuu."

"Sikukuu umeshaiharibu. Sasa nisikilize." Bi Mkubwa alinyoosha kidole juu ya mlango, kwenye msumari mtupu. "Kila Krismasi tunatundika nyota pale, ndipo tunakula. Marehemu baba watoto aliikata kwa mkono wake, kwenye kipande cha bati kilichobaki alipoezeka hapa. Anayeitundika ni kitindamimba wetu, tangu siku baba yake alipombeba mabegani akiwa hajui hata kutembea. Si mimi, wala si wewe. Nyota ikipanda, tunakula, tunatoka kwa miguu yetu. Kabla ya hapo, bomoa na sisi tumo."

Majirani walikuwa wamejipanga uani, simu juu, wanarekodi. Msimamizi akawatazama, akamtazama ajuza huyu na kitambaa chake cha Krismasi, akaona bora acheke.

"Haya. Nyota ikipanda, mnatoka. Kabla ya hapo sigusi hata tofali, hilo ndilo neno langu. Yuko wapi huyo kitindamimba?"

"Kazini."

"Krismasi yote hii?"

"Kwani wewe uko wapi?"

Majirani wakaangua kicheko, naye Msimamizi akaenda kusimama kivulini.

Bi Mkubwa alirudi jikoni. Aliogopa, tusidanganyane. Ndani ya kuta hizo alizalia watoto wote, humo alimuuguza mumewe mpaka mwisho, na sasa mtu anakuja kumwambia atoke kama mpangaji aliyechoka kuvumiliwa! Wajukuu alikuwa amewafungia chumba cha nyuma, pazia limeshushwa, na mmoja aliyejaribu kuchungulia nje alivutwa sikio mpaka akakumbuka adabu.

Binti mkubwa alikuwa anapakua kuku na kufunika sahani. Mumewe akapeleka mkono kwenye firigisi, akachapwa na mwiko.

"Miaka yote hii ya ndoa na bado hujajifunza?" mkewe alimwambia. "Firigisi ya nyumba hii ina mwenyewe."

"Si kitindamimba hayupo?"

"Hata asipokuwepo."

Adhuhuri ikapita. Msimamizi alianza kuliangalia jua kama linamdai.

"Mpigieni simu huyo mtoto!"

"Mpigie," Bi Mkubwa alimwambia binti yake, bila haraka yoyote.

Binti akabonyeza simu, akaiweka sikioni. Papo hapo dereva wa tingatinga, aliyekuwa amekaa kimya kutwa nzima, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi na kitambaa cha vumbi kimeziba pua na mdomo, akawasha mtambo. Ulinguruma mpaka vikombe vikacheza kabatini.

"Zima! Nani amekutuma?" Msimamizi alifoka.

Dereva akazima.

"Inaita tu," binti alisema. "Hapokei."

Msimamizi akasonya. Alipiga simu yake mwenyewe ofisini kuomba aongezewe siku, lakini ofisini nako watu walikuwa wamekwenda kula Krismasi. Kivuli cha nyumba kilipogusa barabara, uvumilivu ukamwishia.

"Leteni hiyo nyota niitundike mimi!"

"Una undugu gani na nyumba hii?" Bi Mkubwa alimuuliza. Alisimama katikati ya mlango, mikono kiunoni, mwili mdogo lakini umeziba njia yote. "Neno lako umelitoa mbele ya watu. Sasa limeze mbele yao, kama unaweza."

"Neno lako!" majirani wakadakia, na simu zikapanda juu zaidi.

Msimamizi akakaa kwenye ngazi, akavua kofia. Baada ya muda Bi Mkubwa akamletea sahani ya wali na bawa la kuku.

"Nyie hamli?"

"Sisi mpaka nyota ipande. Mgeni anakula."

Alikula kwa aibu, kisha kwa njaa. "Mpelekee na dereva wangu, mama. Hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Wenzake wote waliikataa kazi hii, yeye peke yake ndiye aliyejitolea."

"Nilishamwekea."

Jua lilikuwa limebaki kidogo tu juu ya mapaa. Bi Mkubwa alivuka ua na sahani iliyofunikwa, akazunguka upande wa pili wa tingatinga ambako Msimamizi hakuona, akapanda ngazi ya kwanza ya mtambo. Dereva aliipokea kwa mikono miwili, akafunua. Juu ya wali ilikaa firigisi, imekaushwa vizuri.

"Kula taratibu," Bi Mkubwa alimnong'oneza, akamfuta vumbi kwenye nyusi kwa kidole gumba. "Na ole wako uingie ndani kabla jua halijazama, kitindamimba wangu. Mkubwa hivyohivyo, nitakuchapa."