Unga Mbele ya Kifua

Mtoto wa Mwatumu alipolazwa, kikundi cha kusaidia wagonjwa kilimletea unga, na mwenyekiti wao, Bi Zulfa, akamsimamisha mama huyo kando ya kitanda apigwe picha. "Inua mfuko, shoga, na utabasamu. Wafadhili hawataki sura iliyonuna." Mtoto alikufa. Picha ikabaki ukutani, ofisini kwao.

Sasa mume wa Bi Zulfa amepooza, na aliyejitolea kumpelekea unga wa kikundi ni Mwatumu. Alimkabidhi Bi Zulfa mfuko, kisha akatoa simu.

"Hata mimi, Mwatumu?"

"Desturi uliiweka mwenyewe, Bi Mwenyekiti. Inua."

Bi Zulfa akainua mfuko mpaka ukamficha uso.

"Shusha kidogo," Mwatumu alisema kwa upole. "Sina haraka."

Mfuko ukashuka taratibu. Mwatumu hakubonyeza. Alikuwa akingoja kuona meno.