Chetezo cha Somoe

Mshamu alikuwa amepasuliwa pua iliyoziba miaka mingi, lakini harufu ilikuwa bado haijarudi. Jioni mkewe, Somoe, alileta chetezo, akafukiza kanzu ya mumewe kama kawaida. Miaka yote hiyo Mshamu alimsifu bila kusikia harufu yoyote, asije akamvunja moyo.

Leo pua ikazibuka. Akavuta pumzi. Moshi ulikuwa wa mkaa mtupu, bila udi.

"Udi wako unanukia, mke wangu," akasema, safari hii akichelewa kidogo.

Somoe akamtazama usoni. Kisha akafungua fundo la kanga, akatoa kipande cha udi alichotembea nacho tangu siku ya upasuaji, akakiweka juu ya kaa la moto. Wakakaa pamoja, wakiungoja moshi.