Ngiri Afunga Njia ya Mtoni

Ngiri alizijua haki zake zote, hasa zile zilizowaumiza wengine. Siku moja aliifunga kwa miiba njia iliyokatiza shamba lake, ambayo jirani yake Nungunungu aliipita kwenda mtoni. Nungunungu akamshitaki kwa hakimu Korongo.

"Mheshimiwa, wanangu wana kiu," alisema, "na njia nyingine hatuna."

"Kiu yao haimo ndani ya mipaka yangu," alijibu Ngiri. "Kumpitisha jirani ni hisani, si haki."

Korongo, mpenda maneno mazito, aliamua hivyo hivyo. Ngiri alitoka mahakamani mkia umesimama.

Nyumbu, ambaye shamba lake lilikuwa kati ya Ngiri na mto, alikuwa ameisikiliza kesi kwa makini. Kesho yake Ngiri alikuta miiba mbele yake.

"Sasa mimi nipite wapi, jirani?"

"Sijui, ndugu yangu. Mimi nafuata sheria tu, na sheria umetuletea wewe."

Ngiri alikimbilia kwa Korongo, ambaye alimsomea hukumu ile ile, kisha akampongeza tena kwa ushindi wake.

Kulipokucha, mshindi alikuwa akilamba umande majanini pamoja na watoto wa Nungunungu. Nao, kwa kuwa walilelewa vyema, wakampisha.