Mbwa Ambaye Hawakumfuga

Verna alibonyeza kitufe, picha ikaganda. Filamu hiyo ya zamani ya matukio halisi, kuhusu makaburi ya wanyama wa kufugwa, ilikuwa imetoka juzi tu kwenye kanda za video, na madukani California iligombaniwa.

Kijana aliyekuwa akilia kando ya kaburi alikuwa mumewe. Alisema anamzika mbwa wake.

Wakati huo walikuwa wameshaoana, na hawakuwahi kufuga mbwa. Jeneza lenyewe lilikuwa refu. Na shavuni alikuwa na mikwaruzo mibichi, ile aliyodai ni ya miiba ya waridi, kiangazi kile dada yake Verna alipotoweka.

Mkono wenye ubaridi wa bia ukatua shingoni mwake.

“Hee, kumbe walinipiga picha,” mumewe alisema taratibu. “Mpenzi, umeiangalia na nani?”